Weda Ina Kipimo Chake

Wewe uliye jikoni unasubiri chai ichemke, karibu. Wewe uliye kwenye matatu na dereva amekufungulia redio, karibu. Na wewe uliyekwisha kutupia wavu begani unaelekea kidimbwini, hebu simama kidogo hapo langoni, kwa sababu leo nimekuja kwa ajili yako.

Nataka tuzungumze kuhusu weda. Mnaijua: ile suruali ya mpira iliyoungana na buti, inayopanda hadi kifuani na kushikwa mabegani kwa kanda mbili. Mfugaji wa samaki huivaa akiingia kuvuna. Mvuvi wa trauti huivaa akiingia mto baridi wa mlimani. Mfanyakazi wa mfereji huivaa akizibua takataka. Swali langu la kwanza ni jepesi, nawe lijibu kimoyomoyo: weda unayoivaa, ilipimwa kwa mguu wa nani?

Nauliza kwa sababu katika mashamba ya samaki ninayoyatembelea, mara nyingi nakuta weda moja imetundikwa kwenye msumari wa ghala. Moja tu, na kubwa. Ukimwuliza mwenye shamba, atakwambia alichukua kubwa ili imwenee kila mtu. Basi kijana mrefu anaivaa, mama mfupi anaivaa, mzee mwenye mguu mdogo anaivaa pia, akijaza magazeti kwenye buti ili zisimvuke. Hesabu hiyo naielewa. Vazi hili lina bei, na shamba lina mahitaji mengi. Lakini nasema waziwazi, na nitalirudia kabla hatujaagana: weda isiyokutosha ni hatari uliyojivika mwenyewe.

Kwanza tukumbushane vazi hili lilivyotufikia. Trauti si samaki wa asili ya Kenya. Mwaka 1905 mlowezi aliyeitwa Ewart Grogan alileta trauti kutoka Uskoti, wakatiwa katika Mto Gura, kule Nyandarua. Baadaye samaki hao wakapandwa katika mito mingine ya Nyandarua na Mlima Kenya, na leo mvuvi wa ndoano akitaja Chania, Mathioya, Sagana, Thiba au Naro Moru, mwenzake anajua wanazungumzia trauti. Pamoja na samaki ikaja desturi ya kuvua ukiwa umesimama katikati ya mto, na vazi lake. Kwa miaka mingi weda ilibaki kuwa vazi la wachache. Halafu mwaka 2009 serikali ikaanzisha mpango wa kuchimba vidimbwi vya samaki katika sehemu nyingi za nchi, na watu ambao hawakuwahi kushika wavu wakajikuta wafugaji wa tilapia na kambare. Weda zikaingia vijijini. Maarifa ya kuzichagua na kuzivaa hayakuandamana nazo, na ndiyo sababu ya mazungumzo haya.

Sasa, kabla ya vipimo, kuna hofu moja ambayo lazima tuiondoe, maana mtu mwenye hofu hufanya makosa majini. Wengi wanaamini kwamba weda ikijaa maji inakuvuta chini kama jiwe. Nawe umesikia hivyo, sivyo?

Jaribu jambo hili nyumbani. Chukua ndoo ndogo, ijaze maji, kisha izamishe yote ndani ya tangi. Ikiwa chini ya maji, utaisogeza huku na huku kwa vidole viwili. Uzito wake utauona pale unapotaka kuitoa nje. Weda nayo ni vivyo hivyo. Maji yaliyoingia ndani yana uzito uleule wa maji yaliyo nje, kwa hiyo ukiwa umezama nusu au umezama wote, maji hayo hayakuvuti kwenda chini. Shida inaanza unapotaka kupanda ukingo. Hapo unabeba lita nyingi miguuni, na lita moja ya maji ni kilo moja. Mtu anachoka, anateleza, anarudi ndani.

Zamani kulikuwa na hofu nyingine pia: kwamba ukianguka, hewa iliyobaki miguuni itakuinua miguu juu na kukuacha kichwa kikiwa chini. Huko Marekani, katika miaka ya 1940, mvuvi na mwandishi mashuhuri Lee Wulff aliamua kulipima jambo hilo kwa mwili wake mwenyewe. Alivaa weda, akasimama kwenye daraja juu ya mto uitwao Battenkill, akajirusha majini. Akaibuka na kuogelea hadi ukingoni. Tafadhali, vijana, msiende kujirusha kutoka darajani. Huyo alikuwa mwogeleaji hodari na alijua anachokifanya. Nimemtaja ili ujue kwamba weda yenyewe si muuaji. Wanaoua ni mkondo, hofu, ukingo usiopandika, na vazi lililojaa maji kwa sababu limepwaya.

Na hapo ndipo kipimo kinapoingia. Je, unapima vipi?

Anza na mguu wenyewe, yaani wayo. Watu wengi hununua weda kwa namba ya kiatu peke yake, wakasahau mengine yote. Namba ya kiatu ni muhimu, lakini ipime ukiwa umevaa soksi utakazoingia nazo majini. Buti ikiwa kubwa, kisigino kinapanda na kushuka ndani kila unapopiga hatua, nawe unaanza kukokota miguu. Ikiwa ndogo, inabana damu, na kwenye mito baridi ya mlimani utapata ganzi vidoleni mapema sana. Mtu mwenye ganzi hahisi jiwe analolikanyaga. Vidole vinatakiwa viweze kuchezacheza, na kisigino kikae palepale. Kama unatumia weda za soksi, zile zisizo na buti na zinazovaliwa pamoja na viatu vyake maalumu, basi nenda na hizo soksi zake dukani unapochagua viatu. Soksi hizo ni nene, na mara nyingi utalazimika kuchukua viatu vikubwa kuliko vya kawaida yako.

Kisha pima urefu wa mguu kwa ndani, kuanzia panapokutana mapaja hadi sakafuni. Mwombe mwenzako akushikie utepe wa fundi cherehani. Kipimo hiki ndicho kinachosahaulika zaidi, nacho ndicho chenye madhara mengi. Weda ikiwa fupi hapa, inakuvuta mabegani na kukubana mapajani. Ukijaribu kuinua mguu upande ukingo wa kidimbwi, mguu haufiki, na siku moja mshono unafumuka. Ikiwa ndefu mno, inakunjamana magotini na kwenye vifundo vya miguu. Penye mikunjo mpira unasuguana na kupasuka, na kitambaa cha ziada kinakunasa hatua. Umewahi kuona mtu akitembea na weda huku ameishika kwa mkono mbele ya tumbo isishuke? Huyo mikono yake imeshapata kazi nyingine, na akiteleza hana cha kujikingia.

Halafu pima upana, na upime mahali pako palipo panene kuliko pengine pote. Kwa mwingine ni kifua, kwa mwingine tumbo, kwa mwingine nyonga. Mama zangu na dada zangu, hapa nazungumza nanyi hasa. Weda nyingi zinazouzwa zimekatwa kwa umbo la mwanamume. Mwanamke akichukua ya kumtosha nyonga, miguu inakuwa mirefu. Akichukua ya kumtosha miguu, nyonga zinabanwa. Zipo zilizokatwa kwa umbo la kike, na muuzaji anaweza kukuagizia. Katika mashamba mengi niyajuayo, kina mama ndio wanaolisha samaki, ndio wanaofagia mwani, ndio wanaoshika upande mmoja wa wavu siku ya mavuno. Si haki waingie majini na mavazi waliyoachiwa na wanaume. Mwenye shamba akinunua weda mbili, basi moja iwe ya kipimo cha mama huyo.

Ukishaivaa dukani, usisimame tu mbele ya kioo. Chuchumaa. Piga goti moja, kisha la pili. Weka mguu mmoja juu ya kiti kama unayepanda ngazi. Inua mikono juu, halafu iname uguse vidole vya miguu. Fanya yote hayo ukiwa umevaa nguo utakazovaa chini yake siku ya kazi. Ikikukaba mahali popote, rudisha. Ikijaa hewa na kutanuka kama puto kila ukichuchumaa, rudisha pia. Muuzaji atakukodolea macho, mwache akodoe. Vazi ni lako na maji utaingia wewe.

Kuhusu kitambaa sitakuchosha. Kwa kazi ya kidimbwi, ya mpira au plastiki nzito inatosha, ni rahisi kuziba ikitoboka, na bei yake ni nafuu. Neopreni, ile inayofanana na sifongo nyembamba, hutunza joto, kwa hiyo ni nzuri kwa mto wa baridi, lakini mtu wa Homa Bay au Busia akiivaa saa sita mchana atapikika. Zipo pia za kitambaa chepesi kinachopitisha jasho na kuzuia maji. Ni bora kwa anayetembea mwendo mrefu kandokando ya mto, ila ni ghali na miiba huzitoboa. Na yeyote anayefanya kazi katika joto akiwa ndani ya mpira, hata awe kijana wa namna gani, aingie alfajiri, anywe maji mara kwa mara, na atoke akianza kusikia kichwa kizito au kizunguzungu.

Sasa tuje kwenye mkanda. Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu kama utasahau yote niliyosema leo, usisahau mkanda.

Weda ya kifuani huvaliwa na mkanda kiunoni, juu ya weda yenyewe, umekazwa vizuri. Kazi yake ni kuzuia maji yasiingie kwa haraka miguuni ukianguka, na kubakiza hewa kiasi inayokusaidia kuelea. Weda nyingi zinakuja na mkanda wake. Na katika mashamba mengi mkanda huo umepotea wiki ya kwanza, au umechukuliwa kufungia mlango wa banda la kuku. Nenda ukautafute leo. Ukiukosa, nunua mwingine wenye bizimu inayofunguka kwa mkono mmoja. Usifunge kamba kwa fundo: fundo likilowa halifunguki, nawe unahitaji kuweza kujivua. Kwa sababu hiyohiyo, kanda za mabegani zisifunikwe na koti au sweta ulilovaa juu yake. Ukihitaji kuzifungua, uzifikie papo hapo.

Na hapa tunarudi kwenye kile nilichosema mwanzo. Weda inayopwaya, hata ukiifunga mkanda, inabaki na mikunjo, na maji hupita kwenye mikunjo hiyo. Mkanda hufanya kazi yake sawasawa pale vazi linapokaa mwilini. Kwa hiyo weda isiyokutosha ni hatari, mkanda uwepo au usiwepo.

Tuingie kidimbwini sasa. Unadhani hatari kubwa ya kidimbwi ni kina? Vidimbwi vyetu vingi si virefu kwenda chini. Upande wa kina maji hufika kiunoni au kifuani. Hatari ninayoiogopa mimi ni tope. Kidimbwi kilicholishwa samaki kwa miezi mingi kina tope laini chini, na buti ikizama humo, tope huinyonya. Mtu mwenye buti kubwa anavuta mguu, mguu unachomoka kutoka kwenye buti lakini bado umo ndani ya weda, soli imebaki chini, naye anaanguka kifudifudi akiwa amefungwa mguu. Ukikwama, usivute kwa nguvu kwenda juu. Simama kwanza, upumue. Piga goti kidogo, inua kisigino kabla ya vidole, ukizungushe kulia na kushoto ili maji yapenye kati ya buti na tope. Mguu utatoka. Kama hautoki, mwite mwenzako akupe mti au kamba. Na kama hakuna mwenzako, basi ulikosea kuingia, kwa sababu kidimbwini hakuingii mtu peke yake.

Vidimbwi vinavyotandikwa plastiki, vile vya lina, hivyo navyo vinanitia hofu zaidi. Plastiki ikishaota mwani huteleza kupita kiasi, na kuta zake zimelala kwa mteremko. Mtu mzima mwenye nguvu, asiyevaa chochote kizito, anaweza kushindwa kupanda. Je, mwenye weda iliyojaa maji? Dawa yake haina gharama kubwa: funga kamba yenye mafundo kwenye nguzo imara ukingoni, ishuke hadi ndani ya maji, pande mbili au tatu za kidimbwi. Wengine hufunga matairi makuukuu yaliyounganishwa kama ngazi. Fanya hivyo leo hata kama huna weda, maana watoto wa boma na ndama nao hutumbukia humo.

Jambo jingine la kidimbwi: umeme. Kama una pampu au mashine ya kuongeza hewa majini, zima kwenye swichi kuu kabla mtu hajaweka mguu majini, na mwambie kila aliye nyumbani asiiwashe. Usiseme mpira wa weda utakukinga. Tundu dogo linatosha kukuondoa duniani.

Mtoni mambo ni tofauti. Mkondo una nguvu kuliko unavyodhani ukiwa umesimama ukingoni. Maji ya kasi yanayofika magotini yanaweza kumwangusha mtu mzima, kwa hiyo katika mkondo mkali usiruhusu yapite mapaja. Shika fimbo imara, iweke upande yanakotoka maji, na uwe na miguu miwili ya kukanyaga pamoja na huo wa tatu wa mti. Simama ubavu ukiuelekeza kwenye mkondo, usiukabili kwa kifua wala kuupa mgongo, maana ubavu unatoa nafasi ndogo ya kusukumwa. Hatua ziwe fupi. Mguu mmoja usogee, upate mahali, ndipo wa pili ufuate. Usipishanishe miguu kamwe. Ukivuka, vuka kwa kukata mshazari kidogo kuelekea yanakokwenda maji, na kabla hujaingia tazama chini ya hapo kuna nini: je, kuna maporomoko? Kuna mti ulioanguka ambao mkondo unapita kati ya matawi yake? Kama ndivyo, tafuta mahali pengine.

Kwa mito ya Nyandarua na Mlima Kenya, tazama pia juu. Kwako kunaweza kuwa na jua kali huku mvua kubwa ikinyesha kule msituni, na mto ukajaa kwa ghafla. Dalili zake wenyeji wa mito wanazijua: maji yaliyokuwa maangavu yanaanza kuchafuka, majani na vijiti vinapita kwa wingi, jiwe ulilokuwa ukiliona limefunikwa, mlio wa mto unabadilika. Ukiona hata moja kati ya hizo, toka. Usimalizie kuvuta ndoano, usisubiri samaki mmoja zaidi.

Je, soli nayo? Mawe ya mtoni yana utelezi, na kwa miaka mingi wavuvi walipenda soli za felti, yaani nyuzi zilizoshindiliwa zikawa kitambaa kinene, kwa kuwa zinashika jiwe lililolowa vizuri sana. Lakini felti hukaa na unyevu kwa muda mrefu, na ndani ya unyevu huo viumbe wadogo husafirishwa kutoka mto mmoja hadi mwingine. New Zealand walipigwa na mwani wa aina ya didimo, uliotanda juu ya mawe ya mito yao kama blanketi, na mwaka 2008 wakapiga marufuku soli hizo. Jimbo la Maryland huko Marekani likafuata mwaka 2011. Mimi nakushauri uchukue soli ya mpira yenye vichwa vidogo vya chuma. Inashika vizuri kiasi, na inaoshwa ikatakata.

Na wewe wa kidimbwi usidhani hilo halikuhusu. Unapoazima weda ya jirani aliyetoka kuvuna jana, ukaingia nayo kwako ikiwa bado mbichi, unaweza kuwa umeleta ugonjwa wa samaki wake kidimbwini mwako. Ioshe tope lote, ikauke kabisa, ndipo iingie maji mengine. Ujirani mwema haukatazi kuosha.

Kuna faida moja ya weda ambayo hatuisemi vya kutosha: kinga ya kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi yako ukiwa umesimama kwenye maji yaliyotulia au yanayokwenda polepole. Watu wa mashamba ya mpunga kule Mwea, na wa kandokando ya Ziwa Victoria, wanaujua ugonjwa huu kwa mateso yake. Weda isiyotoboka inazuia maji hayo yasikuguse. Neno ni hilo, isiyotoboka. Ikiwa na tundu, unakuwa umejifungia maji hayo na ngozi yako kwa saa nzima. Kagua kabla ya kuingia: ingiza tochi ndani ya weda gizani, utaona nuru ikipenya penye tundu. Ya mpira unaiziba kwa solusheni na kiraka kama cha tyubu ya baiskeli. Sugua kwanza kwa msasa, acha gundi ikauke kidogo, kisha ubandike.

Hata hivyo, usipate ujasiri kupita kiasi. Weda haimzuii mamba wala kiboko. Penye wanyama hao hapaingiwi, hata ungekuwa na vazi la chuma. Waulize wenyeji, na wakikwambia usiingie, wasikilize.

Ukimaliza kazi, itundike kwa miguu, kichwa kikiwa chini, kivulini, penye hewa. Jua hula mpira, na mikunjo ya kuiviringisha kwenye gunia huwa nyufa. Kesho yake, kabla hujaivaa, ikung'ute. Nge, buibui na hata nyoka hupenda giza la ndani ya buti.

Sasa, tuseme yote umeyafanya na bado umeanguka mtoni. Ufanye nini? Kwanza, usipigane kusimama. Katika mkondo wa kasi, anayejaribu kusimama huweza kunasa mguu kati ya mawe, kisha maji yakamlaza juu yake. Lala chali. Miguu iwe mbele, ielekee yanakokwenda maji, magoti yamekunjwa kidogo, ili ukifika kwenye jiwe ulipige kwa soli wala si kwa kichwa. Piga makasia kwa mikono, ukijisogeza kwa mshazari kuelekea ukingoni. Weda iliyofungwa mkanda itakusaidia kuelea. Subiri hadi makalio yaguse chini, ndipo ugeuke na utambae kwa mikono na magoti. Usisimame ghafla: kumbuka ile ndoo, sasa ndio inatoka majini. Jiviringishe ukingoni, fungua mkanda na kanda za mabega, kaa, kisha ulale chali na kuinua miguu maji yatoke.

Na wewe uliyebaki ukingoni, usimrukie ndani. Mnyooshee fimbo au tawi, mtupie kamba au mtungi mtupu uliofungwa kamba, kimbia kando ya mto ukitangulia alipo. Yafanyieni mazoezi hayo mapema, mahali pa maji ya kina kifupi yaliyotulia, mmoja ndani na mmoja nje, kisha mbadilishane. Asiyejua kuogelea avae jaketi la kuokolea maisha juu ya weda kila mara, na asione haya.

Muda wetu umekwisha. Kama una swali la kipimo, labda umenunua na huna hakika kama imekutosha, tuandikie ujumbe kwa namba yetu ya kawaida. Taja urefu wako, namba ya kiatu, na unafanya kazi katika maji ya aina gani, nasi tutakujibu katika kipindi kijacho. Wenye mashamba, nawangoja hasa nyinyi, mniambie mmepima wafanyakazi wangapi.